Nusu Saa ya Mchezo Kazini: Ombi Langu kwa Kila Mwanamke Mwenye Wafanyakazi

Leo nawasalimu kutoka Nyashimo, makao makuu ya wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Kwa ninyi wa visiwani ambao hamjafika huku, ukipanda basi la Musoma kutoka Mwanza unapita Magu, halafu unatufikia sisi kabla ya Lamadi. Ziwa Victoria liko karibu, mashamba ya pamba yako karibu, na vumbi la kiangazi ndilo lililo karibu kuliko vyote.

Mimi ni fundi cherehani. Nilimaliza sekondari, nikasoma kozi ya ushonaji, nikafanya kazi kwa watu miaka kadhaa, na sasa nina ofisi yangu yenye wafanyakazi watano. Tunashona sare za shule, magauni ya vitenge, mashati, na nguo za harusi msimu ukifika.

Ombi langu la leo ni fupi. Kama una wafanyakazi, awe mmoja au ishirini, watengee nusu saa kila wiki wajifunze kazi kwa njia ya mchezo. Iwe ndani ya muda wa kazi, muda ambao unawalipa. Najua wengine mmeshaguna: "Mchezo tena? Si wataniharibia biashara?" Nivumilieni kidogo, nitaeleza kwa nini nasema hivi, na mwisho nitawapa michezo yenyewe ili msije mkasema nimewaachia maneno matupu.

Anayeogopa kuuliza anakugharimu

Kabla sijafungua ofisi yangu nilifanya kazi kwa fundi mmoja katika mji mwingine. Alikuwa mjuzi kweli, mkono wake ulikuwa dhahabu. Lakini ukimuuliza jambo, jibu lake lilikuwa moja: "Nimekuajiri ushone au uniulize maswali?" Basi sisi vijana tukaacha kuuliza. Tukawa tunanong'onezana, yule asiyejua anamuuliza mwenzake ambaye naye hajui. Kola ikishonwa vibaya inafichwa chini ya meza. Kitambaa kikikatwa vibaya kinaviringishwa na kusukumwa ndani ya mfuko wa vipande. Bosi alikuwa anashangaa mbona vitambaa vinaisha haraka, akadhani tunaiba. Hakuna aliyekuwa anaiba. Tulikuwa tunaficha kutojua kwetu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba woga una bei. Kwenye ushonaji, uzi ukikosewa unafumuliwa, lakini kitambaa kikishapita mkasi hakirudi. Mfanyakazi anayeogopa kuuliza swali la dakika moja anaweza kukuharibia nguo ya siku nzima. Na ukali hautibu, kwa sababu ndio uliozaa ule woga. Kinachotibu ni kumpa mtu mahali pa kukosea bila hasara na bila aibu, na mahali hapo mimi nimepapata kwenye mchezo. Kwenye mchezo mtu akikosea watu wanacheka, naye anacheka, halafu anajaribu tena. Kitambaa cha mteja hakijaguswa.

Mama mmoja na mistari midogo ya futi

Niwasimulie jambo lililotokea ofisini kwangu, kwa ruhusa ya mwenyewe, ila jina lake nalihifadhi. Kati ya mafundi wangu kuna mama wa makamo, mkubwa kwangu kwa umri, sote tunamwita mama. Kwa kushona hakuna anayemfikia. Ukimpa zipu ya kuficha anaiweka mpaka huioni. Lakini alikuwa hashiki mkasi. Kila ikifika zamu ya kukata, utasikia, "Macho yananisumbua leo, mpe mwenzangu." Wiki iliyofuata ni mgongo. Wiki nyingine ni kwamba anataka kumalizia lindo.

Ikafika mwezi wa kumi na moja. Kwa mafundi wa sare huo ndio mwezi wa moto, kwa sababu shule zinafunguliwa Januari na kila mzazi anataka sare ya mwanawe kabla ya Krismasi. Fundi wangu wa kukata alikuwa amejifungua, yuko kwenye likizo yake ya uzazi, siku 84 kama sheria inavyosema. Nilibaki peke yangu kwenye meza ya kukata huku oda zinaongezeka. Niliwaza kuajiri mtu wa kukata. Ofisi ndogo kama yangu haibebi mishahara sita, kwa hiyo mmoja angelazimika kupumzishwa, na hesabu ilikuwa inamwangukia yule mama. Kumbe naye alikuwa ameshaisoma hali. Alimwambia mwenzake kwamba akiondolewa atarudi kijijini kulima, maana umri wake haumruhusu kuanza upya kwa fundi mwingine.

Siku hizo tulikuwa tayari na kawaida yetu ya Jumatano, saa nne asubuhi, nusu saa ya mchezo. Jumatano hiyo tulicheza mchezo wa kukadiria. Kila mmoja alichora mstari wa chaki mezani kwa macho tu, bila kupima: inchi kumi na tano. Halafu tukaweka futi kuona nani yuko karibu. Yule mama alishinda. Tukarudia kwa inchi saba na nusu, akashinda tena. Vijana wakapiga vigelegele. Kijana wetu akamuuliza, "Mama, umekosea kwa kiasi gani?" Mama akaitazama futi, akanyamaza. Akasema taratibu, "Hivi vimistari vidogo mimi sijawahi kuvielewa."

Hakuna aliyecheka, maana mtu aliyewashinda wote huwezi kumcheka. Kijana alivuta kiti akamwonyesha: huu mrefu wa katikati ni nusu, huu unaofuata ni robo, huu mfupi ni nusu ya robo. Mama alikuwa anajua urefu kwa macho yake kwa miaka mingi, kilichokosekana ni majina ya alichokuwa anakiona. Jumatano nne tulicheza mchezo ule ule, kila mara akisoma mwenyewe. Katikati ya mwezi wa kumi na mbili alikata sketi za shule, mimi nikiwa nimesimama pembeni. Januari alikuwa anakata peke yake. Hakuna aliyeondolewa kazini.

Jiulizeni, ningemwita ofisini nikamuuliza, "Mama, unajua kusoma futi?" angenijibu nini? Angesema anajua. Mtu mzima hakubali kirahisi mbele ya bosi ambaye ni mdogo kwake kwamba kuna jambo hajui. Mchezo ulimfikisha pale ambapo swali langu lisingemfikisha.

Jambo hili si la wageni

Kuna watu wakisikia michezo kazini wanafikiria kampuni za Ulaya zenye meza za kuchezea mpira ofisini. Hapana. Huku Usukumani kazi na ngoma ni ndugu wa tangu zamani. Bugobogobo, ile ngoma ya majembe ambayo wengi mmeiona kwenye sherehe, ilitokana na kilimo. Watu walilima pamoja kwa mdundo, ngoma ikipiga, jembe likipanda na kushuka kwa pamoja. Wachezaji hodari waliyarusha majembe juu na kuyadaka. Kukawa na makundi mawili makubwa ya washindani, Bagika na Bagalu, na mpaka leo ushindani huo unaendelea. Ukifika Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza, penye makumbusho ya Wasukuma, utawakuta mwezi wa sita wakishindana kwenye sikukuu ya Bulabo. Wazee wetu hawakuona kwamba furaha inapunguza kazi. Waliona shamba kubwa linalimika likiwa na ngoma.

Ninyi wa visiwani pia mnalo lenu. Wanawake wanaosuka ukili barazani wanafundishana mkono kwa mkono huku vitendawili vikitegwa na kuteguliwa. Binti anajifunza kuunga ukili huku anacheka. Hilo ni darasa, ila halina ubao.

Na serikali yetu nayo iliwahi kulijua hilo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika, na kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha imebaki kama asilimia 10. Visiwa viwili, Ukerewe na Mafia, vilikuwa kati ya wilaya za mwanzo zilizowekewa lengo la kufuta ujinga kufikia mwisho wa mwaka 1971. Huku kwetu kanda ya Ziwa, kuanzia mwaka 1968, kulikuwa na mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO wenye makao Mwanza. Wakati huo Nyashimo ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Mwanza, maana mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Vitabu vya mradi ule vilifundisha kusoma kupitia kazi ya mtu mwenyewe. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kusoma habari za pamba, mvuvi kwa habari za uvuvi.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana wakiwa na kijitabu chao, kisha wakaenda kufanya walichojifunza: kuchimba choo, kufukia madimbwi ya mbu, kuchemsha maji. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni mbili. Na mwaka huo huo serikali iliwaelekeza waajiri watenge muda wa elimu kwa wafanyakazi kazini. Kwa hiyo ninachowaomba leo bibi zetu na mama zetu wamekiona. Sisi ndio tuliokiacha.

Siku hizi watumishi wa wizara wana mashindano yao ya SHIMIWI, wanavuta kamba na kucheza netiboli, na ni jambo zuri kwa afya. Ila fundi wa mtaani, mhudumu wa mgahawa na binti wa saluni hawana SHIMIWI. Wao wana wewe tu.

Michezo yetu ya Jumatano

Haya, sasa nawapa michezo yenyewe. Hakuna unaohitaji fedha nyingi.

*Kukadiria.* Huu nimeshausimulia. Chaki, futi na macho yako. Ukizoea, mfanye mtu akadirie kiuno cha mwenzake, au kitambaa kilichokunjwa kina mita ngapi. Unajenga jicho, na fundi mwenye jicho hakati ovyo.

*Shati lililosambaratika.* Chukua shati kuukuu, lifumue lote: kola, mabega, mikono, mifuko, mgongo, mbele mbili. Changanya vipande na vya shati jingine. Makundi mawili yanashindana kupanga kila shati kwa mpangilio wa kushona, kipi kinaanza, kipi kinafuata, bila kusema neno. Wanaruhusiwa ishara tu. Mtacheka mpaka machozi, na baada ya hapo hakuna atakayeshona mkono kabla ya bega.

*Mteja mkali.* Mmoja anaigiza mteja, mwingine fundi. Mteja anaingia na maneno: "Uliniambia Jumamosi, leo Jumatatu, nguo iko wapi?" Fundi anatakiwa amtulize bila kudanganya. Huo ndio ugumu wake, bila kudanganya. Sisi mafundi tuna sifa mbaya ya "njoo kesho". Wenzake ndio waamuzi. Mchezo huu umetusaidia kuliko yote kwa upande wa wateja. Siku moja aliingia mama mmoja amechukia kweli kweli, binti wangu akamsalimia kwa heshima, "Mwadila mayu," akamkaribisha kiti, akamweleza ukweli kwamba nguo bado na itakuwa tayari saa kumi. Mama alikaa akasubiri, na mpaka leo ni mteja wetu.

*Bobini.* Toa bobini na kasha lake, pindua sindano, fungua uzi wote. Nani ataipanga cherehani ikashona sawa mapema kuliko wengine? Sharti ni kwamba mshono lazima utoke safi, haraka bila usafi haihesabiwi. Siku mashine inapogoma katikati ya kazi, hamtasubiri fundi wa mashine kwa jambo la dakika mbili.

*Hesabu ya gauni.* Nataja mtindo, kila mmoja anaandika kitambaa kinachohitajika, uzi, zipu, bitana, saa za kazi na umeme, halafu anasema bei. Anayetaja bei ya hasara tunamwambia, "Umetushonea bure, asante." Kwa mchezo huu wafanyakazi wamejua kwa nini bei iko pale ilipo, na wameacha kuwapunguzia wateja kienyeji.

Kama hushoni, badilisha. Mwenye mgahawa, fungeni macho mkitambua viungo kwa harufu. Mwenye duka, shindaneni kurudisha chenji sahihi bila kikokotoo. Mwenye saluni, suka kwa kioo tu. Mama wa mwani, weka aina za mwani mezani muulizane ipi ni ipi na kwa nini hii imeoza.

Na wewe unayesema "mimi sina wafanyakazi", dada wa nyumbani kwako ni nani? Yule ni mfanyakazi. Wengi wanatoka vijijini, wameishia darasa la saba, na katika nyumba nyingi hakuna mtu anayefikiria kwamba naye anaweza kujifunza kitu. Kaeni naye jikoni mkiandika pamoja orodha ya soko na kujumlisha. Kama watoto wanacheza mchezo wa maneno, mwiteni acheze. Amana ya Mungu iliyo mikononi mwako inaanzia mlangoni kwako.

Masharti manne

Mchezo ukiufanya vibaya unaumiza, kwa hiyo shikeni haya.

La kwanza, usile muda wao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa sisi wa Bara, inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya saa moja. Zanzibar mnayo sheria yenu, Namba 11 ya mwaka 2005. Nusu saa ya mchezo isitoke kwenye mapumziko yao, wala usiwaambie wabaki jioni. Ukichukua muda wa mtu kupumzika, huo umekuwa mzigo hata ukiuita mchezo.

La pili, asiaibishwe mtu. Usimtaje aliyeshika mkia. Ukiona mtu mmoja anashindwa kila mara, cheza kwa makundi. Na mtu mzima asilazimishwe kuruka au kucheza jambo lisiloendana na umri, mavazi au imani yake. Furaha ya kulazimishwa si furaha.

La tatu, na wewe cheza. Bosi anayekaa pembeni amekunja mikono amegeuka msimamizi wa mtihani. Mimi kwenye mchezo wa bobini nashindwa mara nyingi na yule kijana, na hapo ndipo wao wanapata ujasiri wa kuniambia, "Dada, hapa huwa tunafanya hivi."

La nne, mchezo usiwe badala ya mshahara. Kuna waajiri wanacheleweshea watu haki zao halafu wanawaletea keki na muziki. Lipa kwanza. Mwenye deni la kodi ya chumba hawezi kucheka.

Maneno ninayoambiwa

"Sina muda." Nusu saa kwa wiki ni ndogo kuliko muda wa kufumua gauni moja lililokosewa. Hata mwezi wa kumi na moja hatukuuacha, na huo ndio mwezi uliotuokoa.

"Watanidharau." Heshima inayotegemea watu wakuogope ni heshima ya kuonekana tu. Ukigeuza kisogo, kola inafichwa chini ya meza.

"Nikimfundisha ataondoka." Hili ni kweli, sitawadanganya. Binti mmoja niliyemlea mpaka akawa fundi kamili aliniaga mwaka jana, akaenda Mwanza kufungua chake. Iliniuma, maana nilikuwa namtegemea. Lakini fikirieni upande wa pili: nisiyemfundisha asipoondoka, ndiyo hasara kubwa zaidi, kwa sababu nitakaa naye miaka kumi akiwa hajui. Na yule aliyekwenda Mwanza, akipata oda kubwa kuliko uwezo wake, ananipigia simu tugawane. Mwenzangu anayetenda wema hajui utarudi kwa njia gani.

Tuanze wapi

Anza wiki ijayo. Chagua siku moja na saa moja, usibadilishebadilishe. Siku ya kwanza usifundishe kitu, waulize tu kila mmoja kwa zamu: "Kazi gani hapa unaipenda, na ipi unaikwepa?" Usijibu, usikosoe, sikiliza. Ile wanayoikwepa ndiyo itakayokuonyesha mchezo wa wiki ya pili. Wiki ya tatu mwachie mmoja wao aongoze. Ukifika wiki ya nne hutahitaji kuwakumbusha, wao ndio watakaokukumbusha saa nne imefika.

Kwa sisi tunaomcha Mungu, mtu anayefanya kazi chini yetu si mkono wa kukodi tu. Ameacha kwake, amekuja kwako, anakupa nguvu za siku zake. Mshahara ni haki yake, hilo halina mjadala. Lakini siku atakapotoka kwako, kwa heri au kwa uzee, atatoka na nini zaidi ya fedha alizokwishatumia? Ujuzi ndio hautumiki ukaisha. Tuwape huo, na tuwape huku wanacheka.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu na za mikono ya wanaowafanyia kazi. Mkianza, niambieni mlicheza mchezo gani na nani alishinda.